Askari wa Mwili na Tiba ya Mionzi

Mgonjwa wa saratani anayetoka Pemba kwenda kutibiwa kwa mionzi husafiri mbali. Hupanda meli bandarini Mkoani, hupita Unguja, ndipo afike Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi aghalabu hupigwa mionzi siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi. Tiba ikifika katikati huanza kuchoka, huharisha, na pengine ngozi hubabuka. Wapo wanaosema, “Mionzi inanimaliza, heri nirudi nyumbani.” Kufanya hivyo ni hatari.

Kwa nini mgonjwa hupata taabu hizo? Damu yetu ina chembechembe nyeupe, nazo ni askari wa mwili. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Askari hawa wengi huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, ikiwemo mifupa ya nyonga. Mionzi inayopigwa nyongani huua saratani, lakini hugusa pia uboho na sehemu nzima zilizo karibu. Hivyo askari hupungua. Waliobaki hukimbilia mahali palipoumia ili kusafisha, na kazi hiyo huleta joto, uvimbe na maumivu.

Tiba ikiisha, taabu nyingi hupungua polepole. Lakini tiba ikikatizwa, saratani hupata nafasi ya kukua tena.

Mgonjwa na jamaa zake wazingatie haya:

1. Damu ipimwe kila daktari anapoagiza, ili hali ya askari ijulikane.

2. Homa ikitokea, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Askari wakiwa wachache, homa ni jambo la hatari.

3. Ale samaki, mayai, kunde na choroko. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono inawiwe kwa sabuni.

4. Asitumie mitishamba, wala asipake kitu mahali penye mionzi, bila ya kumwuliza daktari.

5. Mwenye virusi vya UKIMWI asiache dawa zake, maana askari wake hushambuliwa pande mbili.

Nanyi mnaomwuguza, mgonjwa akisema amechoka, msimfungie mizigo. Mpelekeni kwa daktari, kisha mrudisheni kwenye tiba mpaka aimalize.