Kupima shamba na simu: tuache haraka

Ndugu wakulima wa Kasongo na Kabambare, siku hizi tunapima mashamba na simu, kusudi kila mutu apate mbegu kufuatana na ukubwa wa shamba lake. Lakini simu ikikosea, mbegu nazo zinakosea.

Tuhesabu pamoja. Shamba la mupunga la metre 50 kwa 50 ni robo ya hekta. Simu ikiingiza kila mupaka metre 5 tu ndani, itasoma 40 kwa 40, ni kusema hekta 0,16 pahali pa 0,25. Tukigawa kilo 60 kwa hekta, mukulima huyo atapokea karibu kilo 9 na nusu pahali pa 15. Mwenzake ambaye simu ilimuongezea atabeba zaidi. Ni hapo magomvi yanaanza.

Sababu ni nini? Simu iko inasikiliza satelite zinazozunguka mbali sana juu, karibu kilometre 20 000. Inapaswa kusikia ine ao zaidi. Alama zao zinafika zikiwa zaifu: mabati, majani mazito ya michikichi, hata mwili wako, vinazizuia. Rezo haiombwe kwa kupima, wala unite. Rezo inasaidia tu simu ipate satelite mbio. Kama hakuna rezo, tuvumilie.

Basi tufanye hivi:

1. Washa GPS, na uzime ile namna ya kuchunga betri, kwani inaweza kuipunguzia GPS nguvu.

2. Toka pahali wazi, mbali na nyumba na miti mikubwa. Ngoja dakika tano. Kama simu ilikaa siku nyingi imezimwa, ngoja hata kumi na tano.

3. Shika simu mukononi, si ndani ya mufuko.

4. Kwa kila pembe, simama. Angalia metre za kosa ambazo programu inaonyesha. Ikiwa 5 ao chini, andika. Ikiwa 20, ngoja kwanza.

5. Pembe iko chini ya muti? Pima pahali wazi karibu nayo, kisha ongeza metre zinazobaki kwa kamba.

6. Namba ya kwanza kwetu inaanza na -4. Ukisahau ile alama ya kutoa, shamba lako litaonekana kule Uele!

Kwa shamba dogo sana, kamba inashinda simu. Tena tusipime peke yetu: jirani wa kila upande awe hapo. Simu haijue mupaka. Wenye kuujua ni nyinyi.