Majira ya Baridi Kandokando ya Ziwa Inari

Katika pembe ya juu ya nchi ya Ufini, mahali ambapo mipaka ya Norwei na Urusi hukaribiana, lipo ziwa liitwalo Inari, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000 na visiwa vinavyozidi 3,000, ambalo huganda mwezi wa Novemba na kwa kawaida halifunguki mpaka kukaribia Juni. Pembeni mwake, ndani ya misitu ya misonobari, zimetawanyika nyumba za wageni zilizojengwa kwa magogo, na baina ya moja na nyingine msafiri aweza kwenda mwendo mrefu asione moshi wa jiko. Wageni hutoka London, Paris na Tokyo, wakalipa mali nyingi, ili wakae siku chache ndani ya baridi ambayo wenyeji wa kale waliihesabu kuwa hasimu. Burudani wanazouziwa huko karibu zote zilikuwa kazi za lazima, na mwenye kutaka kuifahamu nchi hana budi kuuliza kila mchezo ulikuwa shughuli ya nani.

Baridi yenyewe si ya kudharau. Nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na katika kijiji cha Pokka, upande wa kusini, tarehe 28 Januari 1999 ilipimwa baridi ya nyuzi 51.5 chini ya sifuri. Mgeni huvishwa nguo za sufu, akaonywa asivae pamba, kwa kuwa pamba hunywa jasho, na jasho likipoa mwilini hudhuru kuliko upepo. Aidha, tangu mwanzo wa Desemba hata wiki ya pili ya Januari jua halichomozi. Walakini si kiza kitupu, maana saa za adhuhuri upeo wa kusini hupata wekundu, na theluji yote hugeuka rangi ya samawati. Mwislamu atauliza mara moja Magharibi husaliwa saa ngapi mahali ambapo jua halikuchomoza wala halikuchwa. Wanavyuoni wamelijibu swali hilo kwa zaidi ya kauli moja, wengine wakifuata saa za Makka, wengine za mji ulio karibu ambao usiku na mchana wake hutengana.

Mchezo unaopendwa mno ni kukokotwa na mbwa. Msomaji wa pwani, aliyelelewa kumpisha mbwa njia, huenda akasita, lakini hana la kuhofu: mbwa wale hawana haja naye, haja yao ni kukimbia. Hufungwa wawili wawili mbele ya sleji, gari la mbao lisilo na magurudumu, likitelezea juu ya miguu miwili mirefu. Kabla ya safari hubweka na kuruka hata watu wasisikilizane, ila nanga ing'olewapo thelujini hunyamaza wote kwa pamoja. Hatamu hakuna, ipo breki ya chuma chini ya mguu, na agizo moja kubwa, usiachie mkono, kwani ukianguka mbwa hawatarudi kukutazama. Wageni hudhani huo ndio usafiri wa asili wa Lapland, kama liitwavyo eneo hili la kaskazini, na sivyo. Mbwa hawa asili yao ni Siberia na Alaska, na huku wameenea pamoja na utalii. Mbwa wa Wasami, wenyeji wa asili, alikuwa wa kuchunga.

Mkokotaji wa haki alikuwa reindia, mnyama wa jamii ya kulungu, ambaye hufukua theluji kwa kwato akitafuta chakula chini yake. Alivuta chombo kidogo cha mbao, mfano wa kidau kilichokatwa tezi, kilichobeba mtu mmoja au mzigo wake. Wasami wa kabila la Skolt, waliohama Petsamo ardhi yao ilipochukuliwa na Urusi ya Kisovieti katika vita vikuu vya pili, na wakapewa makao Nellim na Sevettijärvi, ndio walioandikwa na mwanaelimu wa Kimarekani, Pertti Pelto, katika kitabu chake cha mwaka 1973. Alieleza jinsi pikipiki za theluji, zilizoingia katika miaka ya 1960, zilivyomwachisha reindia kazi kwa muda mfupi wa kustaajabisha. Petroli ikawa haja ya kila nyumba, na mwenye kipato haba akashindwa kulifuata kundi lake. Leo mgeni huiendesha pikipiki ile ile kwa furaha juu ya ziwa, kisha kesho yake akalipa tena ili avutwe polepole na reindia. Juu ya hayo, Wasami wamelalamika miaka mingi kuona mavazi yao yakivaliwa na wasio Wasami ili kuwapumbaza watalii, na haki naiona iko upande wao; Bunge lao, lenye makao kijijini Inari, lilitoa mwaka 2018 kanuni za utalii wenye staha.

Uvuvi una maneno machache: hutobolewa barafu kwa keekee kubwa, ukateremshwa mshipi, na mvuvi akaketi juu ya ngozi ya reindia akisubiri. Sheria humruhusu mtu yeyote kuvua hivyo bila ya kulipa ada. Usiku, mbingu ikiwa safi, hutazamwa nuru ya kaskazini, ambayo ni chembe zitokazo juani zikigonga hewa kiasi cha kilomita 100 na zaidi juu ya ardhi. Oksijeni ndiyo itoayo ile rangi ya zamaradi. Hakuna nyumba ya wageni iwezayo kuiahidi, ingawa matangazo yao husema vingine.

Wenyeji wa Ufini wenyewe hawaji Desemba. Husubiri Machi na Aprili, mchana unaporefuka na theluji ingali nene, wakaja na skii zao na watoto wao, wakalala katika vibanda vya msituni vilivyo wazi kwa kila mpita njia pasipo malipo, ambamo desturi humtaka aliyetangulia kumpisha ajaye nyuma yake, na aondokaye kuacha kuni zilizokatwa. Mwezi wa Mei barafu hulegea, isibebe mtu wala isipishe mashua, na nyumba nyingi za wageni hufunga milango hadi ziwa lifunguke.