UZI: Mlima, mugumo na pesa za watalii. Nani ana neno la mwisho?

1. Kila msimu wa siasa huku kwetu Nyeri, lazima mtu apande jukwaani aahidi kugeuza mahali patakatifu pa wazee kuwa "kivutio cha watalii". Nusu ya umati hushangilia, nusu hununa, halafu huku mtandaoni tunatukanana wiki nzima. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tu tujue tunabishania nini. Twende pole pole.

2. Tuanze na mlima wenyewe. Katika imani ya jadi ya Wakikuyu, Kirinyaga ni makao ya Ngai, na wazee husali wakiuelekea. Waembu na Wameru nao wana heshima yao kwa mlima huohuo. Huku chini kuna miti ya mugumo ya tambiko, kuna kilima cha Karima kule Othaya, na kuna Mukurwe wa Nyagathanga kule Murang'a, ambako masimulizi yanasema Gikuyu na Mumbi waliwalea binti zao, mama wa koo zote.

3. Sasa, mlima huohuo ni kazi ya watu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1949. Wageni hupandia Naro Moru, Sirimon au Chogoria, na wengi huishia Point Lenana, mita 4,985, kwa sababu Batian yenye mita 5,199 inataka kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Binamu yangu ni pota upande wa Naro Moru. Mzigo wa mgeni mgongoni mwake ndio karo ya watoto. Kwa hivyo mtu akisema "fungeni mlima", mimi humwona binamu kwanza.

4. Lakini cucu naye yupo. Ni Mkristo, kanisani kila Jumapili, ila mlima ukifunguka asubuhi yeye hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea na kazi. Siku moja nilimwonyesha video ya vijana wakicheza ngoma ya mtandaoni, wamesimama na viatu juu ya mizizi ya mugumo mmoja wa tambiko. Akanirudishia simu, akauliza: "Hao wangefanya hivyo madhabahuni kwetu?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika uzi huu.

5. Hoja ya kwanza utakayosikia: "Utalii unaleta pesa." Kweli kabisa. Lakini fuata hiyo pesa uone inashukia wapi. Kiingilio cha hifadhi kinakusanywa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Hoteli ina mwenyewe. Kampuni ya safari ina mwenyewe. Pota analipwa kwa siku. Mzee anayejua kwa nini mti ule haukatwi, yeye hayumo kwenye hesabu kabisa.

6. Hoja ya pili: "Hayo ni mambo ya kale, tena ya shetani." Makanisa mengi na wazee wa mila hawapatani hapa, na mimi sitawapatanisha kwa uzi mmoja. Ila Ibara ya 32 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini na imani. Haikusema ni dini yenye jengo na kengele peke yake. Si lazima usali chini ya mugumo ndipo umheshimu anayesali.

7. Na tusisingizie kwamba wageni hawafundishiki. Hapa Nyeri mjini kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki 1941. Ni mnara wa kitaifa. Maskauti hutoka nchi za mbali kuja kusimama pale kwa heshima, na kaburi linatunzwa. Kumbe adabu inawezekana tukiamua kwamba mahali fulani pana thamani. Swali ni kwa nini la mgeni lina kibao na ulinzi, na mugumo wa cucu hauna hata ua.

8. Hoja ya tatu: nani mwenye mamlaka? Hapa ndipo watu hudanganywa sana. Hifadhi iko chini ya KWS. Msitu wa serikali uko chini ya KFS. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, ilhali utalii wa mashinani na shughuli za utamaduni ni za kaunti. Mgombea wa kaunti akikuahidi jambo la ndani ya hifadhi, anakugawia shamba la jirani.

9. Je, jamii yenyewe? Ibara ya 63 inahesabu mahali pa ibada za jadi katika ardhi ya jamii. Vizuri. Lakini huku kwetu mashamba yaliunganishwa na kupimwa tangu miaka ya 1950, watu wakapewa hati. Kwa hivyo mugumo unaweza kuwa ndani ya shamba la mtu binafsi, na akiuza, mti unakwenda na shamba. Hili hulisikii jukwaani kwa sababu halina makofi.

10. Jambo lingine ambalo wengi hawajui: Mlima Kenya uliingia Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997, lakini kwa vigezo vya asili tu, yaani mandhari na ikolojia. Kaya za Wamijikenda kule Pwani ziliingia 2008 kwa vigezo vya utamaduni. Mlima wetu umeorodheshwa kama mandhari, kaya zimeorodheshwa kama mahali pa watu na imani yao.

11. Tofauti unaiona ukienda Kaya Kinondo, Kwale. Watalii wanaingia na wanalipa. Lakini unaingia na mwongozaji wa jamii, unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, na hutoki na kitu, hata jani. Sehemu nyingine hufiki, utoe pesa usitoe. Mlango uko wazi, ila mwenye ufunguo ni mwenyeji.

12. Huko Australia, watalii walipanda mwamba wa Uluru kwa miaka mingi huku wenyeji, Waanangu, wakiomba wasiupande. Kupanda kulipigwa marufuku Oktoba 2019. Wageni bado wanakwenda. Wanauzunguka kwa chini, wanasikiliza.

13. Na mfano wa kutisha uko hapa jirani. Pale Mukurwe wa Nyagathanga lilianzishwa jengo la hoteli, likakwama, na limekaa gofu kwa miaka mingi. Hatukupata watalii wala hatukubaki na utulivu wa mahali penyewe. Tulikosa mwana na maji ya moto.

14. Kwa hivyo ugomvi wa "utalii ndiyo" au "utalii hapana" unatupotezea muda. Binamu anahitaji kazi, cucu anahitaji heshima, na yote mawili yanawezekana. Mtu akija na ahadi, muulize matatu. Mahali hapo pako kwenye ardhi ya nani? Nani atakuwa na haki ya kusema "hapa usifike", na neno lake litaandikwa wapi? Shilingi ngapi katika kila mia zitabaki kijijini?

15. Akijibu yote matatu, msikilize. Akianza kuimba, rudi nyumbani. Kama kuna mahali nimekosea, nisahihishe kwa hoja. Matusi pelekeni kwingine.