Programu za bure zinazoweza kuwafaa waandishi wa Kiswahili na vyama vyao

WAANDISHI chipukizi wanaotunga kwa Kiswahili kwenye tarakilishi wanaijua vyema kero ya mistari myekundu. Mtu huandika aya nzima kwa lugha sanifu, kisha akitazama kiwambo anaona takriban kila neno limepigiwa mstari.

Maneno yanayosalimika ni machache, kama vile "pale", "vile", "wake" na "mate". Nayo husalimika kwa sababu tu Waingereza wana maneno yao yenye tahajia iyo hiyo.

Kiini cha tatizo ni kwamba programu imeelekezwa kukagua Kiingereza. Wengi hukasirika na kuuzima ukaguzi kabisa, na hapo ndipo makosa halisi hupenya hadi kwenye meza ya mhariri. Mswada uliosheheni makosa ya tahajia humchosha msomaji wake wa kwanza kabla hata hajakifikia kisa, na kazi nzuri huishia kwenye rafu.

Lakini dawa ipo, tena haihitaji hata shilingi moja.

LibreOffice ni programu huria ya kuandikia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuitumia na kumgawia mwenzake bila kuvunja sheria. Ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, na hufanya kazi bila intaneti pindi inapokwisha kuwekwa kwenye mashine.

Kiswahili si mgeni katika ukoo huo. Mnamo 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoka Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, toleo ambalo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Naye Mkenya Jason Githeko alitayarisha orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili, ambayo hadi leo hupatikana kwa watumiaji wa LibreOffice.

Unapoiweka programu hiyo, hakikisha kwamba kamusi ya Kiswahili imo miongoni mwa zile ulizochagua. Kisha teua Kiswahili cha Tanzania kuwa lugha ya matini yako, kwani kamusi imesajiliwa kwa jina hilo. Mkenya akishikilia Kiswahili cha Kenya kwa uzalendo, huenda ukaguzi usifanye kazi.

Hata hivyo, usitarajie miujiza. Kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa maumbo mengi mno, na hakuna orodha inayoweza kuyamaliza yote. Neno kama "wasingalisomeshwa" linaweza kutiwa mstari mwekundu ilhali ni sahihi kabisa.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Mwandishi aliyenuia "fahari ya taifa" akaandika "fahali ya taifa", programu itanyamaza kimya, kwa kuwa fahali ni neno halali. Itanyamaza vilevile kwa anayechanganya "hadi" na "hadhi", au "kura" na "kula". Mashine hulijua umbo la neno, wala haijui kwamba taifa halina ng'ombe dume.

Kasoro za aina hiyo huonwa na binadamu mwingine, na ndiyo maana chama cha waandishi kina thamani ambayo programu haiwezi kuichukua. Ugumu wa vyama vingi umekuwa ni gharama ya kusomeana.

Chukua mfano wa mswada wa kurasa 120 katika chama chenye wanachama wanane. Kumpa kila mmoja nakala yake kunahitaji kurasa 960. Hata ukurasa ukigharimu Sh3 pekee, hizo ni Sh2,880 kwa mswada mmoja, na wenzake saba bado wanasubiri zamu.

LibreOffice ina uwezo wa kurekodi mabadiliko, jambo ambalo wengi hawalitumii kamwe. Msomaji akiuwasha kabla ya kuanza kusahihisha, kila anachofuta au kuongeza huonekana kwa rangi, na anaweza kuandika maoni yake pembeni. Mwenye kazi hupitia pendekezo moja baada ya jingine, akikubali hili na kulikataa lile. Hakuna anayeiandika upya hadithi ya mwenzake kichinichini.

Google Docs nayo hufanya kazi kama hiyo kupitia intaneti, hata kwenye simu ya mkononi, na huwaruhusu watu kadhaa kusoma matini moja kwa wakati mmoja. Aidha, huhifadhi matoleo ya awali, hivyo aya iliyofutwa jana inaweza kurejeshwa leo.

Tahadhari ni muhimu hapa. Wanachama wapewe ruhusa ya kupendekeza tu, wala si ya kuhariri. Kiungo kikiachwa wazi kwa yeyote aliye nacho, basi mswada umeanikwa barazani. Isitoshe, anayesahau nywila yake anaweza kuipoteza kazi ya miaka mitatu, kwa hivyo nakala nyingine iwekwe kwenye kifaa cha kuhifadhia, mbali na tarakilishi yenyewe. Wezi wa tarakilishi hawaulizi kama riwaya imekamilika.

Kwa anayetafuta malighafi ya kusoma, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ina vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili. Miongoni mwavyo ni mkusanyo wa ngano za Zanzibar ulioandaliwa na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, ukiwa na Kiswahili na Kiingereza sambamba. Anayetunga hadithi za kale atavuna mengi humo.

Waandishi wa hadithi za watoto nao wanaweza kutumia African Storybook, mradi wa Afrika Kusini unaochapisha bila malipo hadithi za picha katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Mwandishi huweza kutunga yake au kuitafsiri ya mwingine.

Lakini soma leseni kwanza. Hadithi nyingi humo hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuinakili, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi amtaje mtunzi. Ukishaitoa hadithi kwa masharti hayo, huwezi kuwanyang'anya haki hiyo wale walioipata. Kwa anayetaka kusomwa na watoto wengi, hilo ni jambo jema. Anayetumaini kuiuza hadithi iyo hiyo kwa mchapishaji afikirie mara mbili.

Ikumbukwe kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa pindi inapoandikwa, na ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Wazo tupu halilindwi. Kwa sababu hiyo, anayesimulia kisa chake kwenye mkutano wa chama kabla ya kukiandika hana cha kudai mwenzake akikitungia riwaya, na vyama vinafaa kuwaeleza wanachama hivyo mapema, kabla ya mkutano wa kwanza wa kusomeana.