Amplifaya ya Valvu kwa Hewa ya Nyamisati

Udi na gambusi zina matumbo ya mti ya kukuza mlio wake, lakini gitaa la umeme ni ala isiyokamilika peke yake; nyuzi zake zikipigwa pasipo umeme hazisikiki ila kwa aliye karibu, na ile sauti ambayo wapenzi wa dansi waliifuata katika kumbi za Dar es Salaam na Morogoro ilizaliwa nusu katika vidole vya mpigaji na nusu katika sanduku lililosimama nyuma yake. Sanduku hilo ndilo amplifaya, nami nashikilia kuwa si haki kuihesabu pamoja na vipaza sauti vya mikutano ya hadhara, ambavyo kazi yake ni kufikisha maneno mbali na basi; amplifaya ni sehemu ya gitaa lenyewe, na mwenye kuiunda na kuirekebisha anafanya kazi ya muziki sawasawa na yule anayekaza nyuzi.

Zama ambazo Ahmed Kipande alikuwa akiiongoza Kilwa Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1958, na zama ambazo NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mbaraka Mwinshehe akapanda daraja katika Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, amplifaya za magitaa duniani aghalabu zilikuwa za valvu. Vyombo, kama wanamuziki wetu wanavyoviita, mara nyingi vilikuwa mali ya chama, shirika au tajiri wa bendi, wala si mali ya wapigaji. Kwa sababu hiyo maarifa ya kilichomo ndani ya sanduku yalibaki kwa fundi redio aliyeitwa pale linapozimika, na jina lake halikuandikwa popote. Naona hiyo ni hasara, na makala hii inakusudia kuipunguza kidogo.

Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kathodi, ambayo ikipashwa moto hutoa elektroni, yaani chembe za umeme hasi. Mna bamba la anodi, lililotiwa mamia ya volti za umeme chanya, linalozivuta elektroni hizo. Na baina ya hizo mbili mna kiwavu cha waya mwembamba kiitwacho gridi. Mwingereza John Ambrose Fleming aliunda valvu ya ncha mbili mwaka 1904, na Lee de Forest wa Marekani akaongeza gridi mwaka 1906, na hiyo gridi ndiyo siri yote: umeme hafifu mno utokao kwenye gitaa ukifikishwa hapo huuzidisha na kuupunguza mkondo mkubwa unaopita, kama mkulima wa mpunga anavyoyaongoza maji ya jaruba zima kwa kufungua na kuziba tundu dogo la tuta. Valvu hizi ndizo zilizokuja kuibeba redio, na hewa ya delta ya Rufiji, kilipo kijiji cha Nyamisati, si ngeni kwa mawimbi ya redio. Mwezi wa Julai 1915, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia, kisiwa ambacho leo abiria wa Nyamisati hupanda boti kukiendea, zilizielekeza kwa simu ya upepo, yaani redio, manowari Severn na Mersey hata zikaiangamiza meli Königsberg ya Wajerumani iliyojificha katika mikono ya mto. Na vita hiyo hiyo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndiyo iliyoyafanya mataifa ya Ulaya kuunda valvu kwa maelfu, hata amani iliporudi zikawa tayari kuingia katika redio za watu wa kawaida.

Anayeanza nampendekezea mchoro wa amplifaya ndogo ya Fender iitwayo Champ, ya miaka ya 1950, kwa kuwa ni mwepesi kuufahamu na una valvu tatu tu: 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, ya kukuza ishara, 6V6 ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme wa kupishana kuwa umeme wa njia moja. Nguvu yake ni kadiri ya wati 5. Asiudharau mtu udogo huo, maana hata mafundi wa Jim Marshall kule London, walipounda amplifaya yao ya kwanza mapema katika miaka ya 1960, walianza kwa kufuata mchoro mwingine wa Fender. Valvu zenyewe zingali zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, kwa hiyo mwenye kuagiza hapati vitu vya makumbusho.

Lakini mchoro uliochorwa California haukuijua delta yetu, na hapa ndipo fundi wa Nyamisati anapolazimika kutumia akili yake mwenyewe. Kijiji kimezungukwa na msitu wa mikoko, maji ya chumvi hupanda na kushuka kila siku, na unyevu huo huingia katika kila kitu. Bati la chuma la kubebea sehemu za amplifaya litashika kutu. Heri bamba la aluminiamu, na katika hilo tuna mfano mwema wa jirani, kwani mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, alifaulu kuishawishi kampuni ya Ever Ready iunde redio ya betri yenye valvu nne ndani ya kasha lililotokana na sufuria ya aluminiamu, ikauzwa kwa pauni 5, na watu wakaiita redio ya sufuria. Adui aliyefichika zaidi ni ule ubao wa karatasi ngumu uliopakwa nta, ambao Wamarekani waliupangia kapasita na rezista zao: ukinyonya unyevu, hasa wenye chumvi, huanza kupitisha umeme kidogo kidogo mahali pasipostahili, volti za anodi zikavujia gridi ya valvu inayofuata, na sauti ikakwaruza bila ya fundi kuona kilichoungua. Atumie ubao wa nyuzi za kioo, na kila alipolehemu apasugue kwa spiriti na kupapaka vanishi. Kwa kasha la nje, mninga ni mti mwaminifu usiopinda ovyo, ila mzito. Msonobari wa shamba la miti la Sao Hill ni mwepesi na unaukaribia zaidi ule uliotumika Marekani. Spika ni ya karatasi, nayo hulegea kwa unyevu, hivyo isilazwe sakafuni.

Transfoma zinataka uangalifu wa pekee. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali Wamarekani wana volti 120 na mizunguko 60, na chuma kilichokadiriwa kwa 60 hupata moto zaidi kwa 50 hata volti zikilinganishwa. Fundi wa kusuka mota aweza kusuka transfoma ya kutolea sauti, maadamu ameelezwa mambo mawili: kwamba kuifananisha spika ya omu 8 na omu 5,000 zinazohitajiwa na 6V6 kunataka mizunguko 25 ya waya upande wa valvu kwa kila mmoja wa upande wa spika, na kwamba mabati ya kiini yaachiwe mwanya mwembamba wa karatasi, kwa kuwa mkondo wa njia moja hupita humo daima na pasipo mwanya chuma hushiba sumaku na besi ikapotea.

Kabla ya yote, hadhari. Ndani ya sanduku hili mna volti zaidi ya 300, nazo hubaki katika kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Zimwagwe kwanza kwa rezista iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, kisha mita ithibitishe. Anayepima umeme ukiwa umewashwa atumie mkono mmoja, wa pili ukae mfukoni, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani. Lile bamba la aluminiamu liunganishwe na waya wa ardhi bila udhuru wowote, kwani mpigaji ameshika nyuzi za chuma zilizounganishwa nalo.

Sasa urekebishaji, ambao ndio moyo wa kazi. Ikiwa amplifaya inapiga mayowe mara tu ipatapo moto, na waya wa marejesho, ule unaorudisha sehemu ya sauti kutoka spika hadi valvu ya kwanza, umefungwa, basi yamkini ncha mbili za transfoma ya sauti zimepishana, na kuzibadilisha ndiyo dawa. Ikivuma, isikilizwe vyema: mvumo mzito wa mizunguko 50 aghalabu hutokana na waya za kupashia moto ambazo hazikusokotwa pamoja, na ule wa 100 hutokana na kapasita za kuchuja. Kisha ipimwe volti kwenye rezista ya kathodi ya 6V6. Mathalani rezista ya omu 470 ikionyesha volti 18, mkondo ni miliampea 38. Na ikiwa baina ya anodi na kathodi mna volti 310, valvu inabeba karibu wati 12, ambao ndio mpaka wake wa asili. Zikizidi hapo, rezista iongezwe.

Baada ya mita huja sikio. Valvu inapozidiwa haikati wimbi ghafla, bali hukikunja kichwa chake taratibu, na katika kukunja huko huzaa oktava ya juu ya ile noti, ndipo sauti ikaonekana nene na hai. Wapenzi wa bluzi na roki hulitafuta zidio hilo mpaka sauti ipasuke. Mpigaji wa solo wa dansi hataki hivyo; anataka kila noti isimame peke yake juu ya ridhim na tumba, iwe na ncha mwanzoni na utamu mwishoni. Kwa hiyo kapasita ya kuwekwa sambamba na rezista ya kathodi ya valvu ya kwanza naishauri iwe ya mikrofaradi 0.68 badala ya 25, ili besi ipungue pale isipohitajika, na rezista ya marejesho ya omu 22,000 ibakie ilivyo, wakati mpiga bluzi angeipandisha hata 47,000. Kila badiliko lifanywe peke yake, mpigaji akiwa amekaa na gitaa lake, apige wimbo anaoujua barabara, wala asipige mizani mitupu.

Jambo la mwisho ni saa ya kupimia. Bwawa la Julius Nyerere, huko juu ya mto huu huu wa Rufiji, limejengwa kwa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Hata hivyo volti zinazomfikia mtu mwishoni mwa waya mrefu hushuka jioni kila nyumba iwashapo taa. Vipashio vya valvu vyataka volti 6.3, na vikishuka chini ya 5.7 sauti hunyong'onyea, vikipita 6.9 umri wa valvu hufupika. Basi fundi apime adhuhuri, apime tena saa mbili usiku, na aagize transfoma yenye ncha za 220, 230 na 240, achague ile inayolingana na saa ambayo dansi hupigwa.