Pikapu ya Kikundi Inatoa Moshi: Tufanye Nini Kabla ya Inspeksheni?

Vikundi vingi tunavyotembelea vina gari. Kwa kawaida ni pikapu ya dizeli iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama ikiwa tayari imezeeka. Ndiyo inapeleka maziwa asubuhi, inabeba mbolea na mahindi, na usiku ikibidi inampeleka mama mja mzito hospitali. Gari kama hii ikikataliwa, si dereva peke yake anayeumia.

Gari za biashara zinatakiwa kukaguliwa kila mwaka. Kazi hiyo iko chini ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kanuni za trafiki pia zinakataza gari kutoa moshi ambao ungeweza kuzuiwa, kwa hivyo hata polisi anaweza kukusimamisha kabla hujafika kwa mkaguzi.

Kikundi kimoja tunachokijua kiliambiwa pikapu yao ina moshi mweusi, waende watengeneze warudi. Makanika wa kwanza akasema injini imekwisha, ifanyiwe oveholi. Bei yake ilikaribia pesa zote walizokuwa wameweka za kununua tangi la maji. Mwenyekiti akataka gari iuzwe. Mwekahazina naye akafungua kitabu, akaonyesha dizeli inaisha haraka kuliko zamani, na watu wakaanza kunong'ona ati dereva anaiba. Mkutano ukaisha vibaya. Tulipoitwa tuliuliza swali moja tu: ea klina ilibadilishwa lini? Hakuna aliyejua.

Tuelewane hapa. Injini inachoma mafuta kwa kutumia hewa, kama vile jiko la makaa. Ukiziba mlango wa jiko, moto unafifia na moshi unajaa nyumba. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta ambayo hayakuungua sawasawa: mafuta ni mengi, hewa ni kidogo. Barabara zetu za vumbi zinaziba ea klina upesi sana, kwa hivyo anza hapo, maana ni rahisi. Kama ni ile ya zamani yenye bakuli la oili chini, mwaga oili chafu, osha, weka nyingine mpaka kwenye alama. Halafu nozo. Nozo ikichakaa haipulizi dizeli kama ukungu, inadondosha matone. Fundi wa pampu ana mashine ya kuzipima. Mwambie azipime mbele yenu kabla ya kukuuzia mpya. Tatu ni pampu yenyewe. Kuna madereva na mafundi wanaofungulia skrubu ya pampu ili gari ipande mlima kwa nguvu. Nguvu kidogo utapata, lakini moshi utakuwa wa kutisha, na dizeli itaenda nao. Pampu irudishwe kwa kipimo cha kiwanda.

Rangi nyingine zina maana nyingine. Moshi wa bluu ni oili ya injini inayoungua. Kwanza angalia kama mtu amejaza oili kupita alama. Kama sivyo, huenda ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na hapo ndipo neno oveholi linaweza kuwa la kweli. Moshi mweupe asubuhi ya baridi, unaopotea injini ikipata moto, usikutie wasiwasi. Ukiendelea, na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya kichwa, na msiendeshe hiyo gari mbali.

Gari ya petroli inadanganya zaidi, kwa sababu sumu yake kubwa, kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki. Inaua mtu aliyelala ndani ya gari inayonguruma au fundi aliyefunga milango ya gereji. Inaongezeka wakati petroli ni nyingi kuliko hewa: kabureta haijarekebishwa, choki imekwama, ea klina imeziba. Plagi zikitoka nyeusi zenye masizi, hiyo ni dalili. Kama gari ilikuja na katalaiza kwenye bomba la moshi, msikubali itolewe. Wengine huiuza kwa ajili ya madini ya thamani yaliyo ndani.

Na dizeli mnayonunua je? Tangu Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki ni salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hivyo mafuta halali ni safi kuliko ya zamani. Lakini ile ya mtungi kando ya barabara, iliyochanganywa na mafuta ya taa, haina ulainishaji wa kutosha. Inakula pampu na nozo pole pole. Unaokoa shilingi chache leo, kesho unanunua pampu.

Siku ya kukaguliwa, gari isiende baridi wala na mzigo. Iendeshwe kama nusu saa kwanza. Palipo na mashine ya kupima moshi wa dizeli, mpimaji hukanyaga mafuta mpaka mwisho mara kadhaa gari ikiwa imesimama. Kwa hivyo, kama injini yenu inatumia mkanda wa taimingi, hakikisheni si mzee. Ukikatika hapo, hasara yake inashinda ya moshi.

Kile kikundi kilibadilisha ea klina, iliyokuwa imejaa vumbi kama mfuko wa unga, nozo mbili, na pampu ikarudishwa kipimo. Gharama ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya oveholi, na mara ya pili gari ikapita. Dizeli nayo ikarudi kuisha kama zamani. Mwekahazina alipoona hivyo kwenye kitabu chake, alikwenda na wazee wawili nyumbani kwa dereva jioni hiyo hiyo kumwomba msamaha. Alikubali kurudi kazini, ila kwa sharti kwamba kuanzia sasa katibu aandike kila huduma ya gari, tarehe na kilomita, na yeye atie sahihi.