DAMU KWENYE MSWAKI SI JAMBO LA KAWAIDA

Kesho asubuhi fanya jambo moja. Piga mswaki kama ulivyozoea. Kisha tema mate uyatazame vizuri. Je, yana damu?

Watu wengi huiona damu hiyo wakanyamaza. Haiumi, basi kila mtu hushika njia yake. Huyu huenda bandarini Itungi, yule ziwani kuvua, mwingine kwenye shamba la mpunga au la kakao. Lakini hebu fikiri. Kama mguu wako ungetoka damu kila asubuhi, ungenyamaza? Ungekwenda zahanati. Fizi nazo ni nyama ya mwili wako. Fizi nzima haitoki damu kwa kupigwa mswaki.

Ugonjwa huanzaje?

Pitisha ukucha kwenye meno yako kabla hujapiga mswaki. Utakuta utando laini. Huo ni ukoga. Ndani yake wamo vijidudu vingi mno, vidogo hata macho hayavioni. Ukoga ukikaa pale jino linapokutana na ufizi, vijidudu huudhuru ufizi. Ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu.

Tumejuaje? Mwaka 1965 mtaalamu Harald Löe na wenzake, huko Denmark, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kusafisha meno. Ukoga ukajaa. Katika muda wa siku 10 hadi 21, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Kisha wakaanza tena kupiga mswaki. Baada ya wiki moja hivi fizi zikapona.

Jaribio hilo linatufundisha mambo mawili. Kwanza, ugonjwa huu hauletwi na uchawi wala uzee. Huletwa na ukoga. Pili, ukiwahiwa unapona kabisa.

Ukiachwa hali ni nyingine. Ukoga hugeuka ukawa mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi tena kuutoa. Ufizi huachana na jino, usaha huingia, na mfupa unaoshika jino huliwa polepole. Umewahi kuona nguzo ya nyumba iliyochimbwa chini na maji ya mafuriko? Nguzo yenyewe ni nzima, lakini haina kitu cha kuishika. Ndivyo jino linavyolegea na kung'oka. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Fizi na ugonjwa wa sukari

Wataalamu wamegundua kwamba fizi na ugonjwa wa sukari vinahusiana. Uhusiano wao ni kama barabara ya Kyela na Itungi, yaani kuna kwenda na kurudi. Mtu mwenye sukari nyingi katika damu huugua fizi kwa urahisi, na haponi upesi. Tena fizi zilizooza huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Uchunguzi umeonyesha kwamba mgonjwa wa sukari akitibiwa fizi, sukari yake hupungua kidogo. Lakini asiache dawa zake. Matibabu ya fizi ni msaada tu.

Kwa hiyo, kama fizi zako hutoa usaha mara kwa mara, na unasikia kiu sana, unakojoa mara nyingi na unakonda, nenda ukapimwe sukari.

Watu wenye ugonjwa wa fizi pia huonekana mara nyingi kuwa na ugonjwa wa moyo. Lakini haijathibitishwa kwamba ugonjwa mmoja huleta mwingine.

Fizi na mama mjamzito

Mama mjamzito hutokwa na damu katika fizi kwa urahisi kuliko wengine. Mimba hubadilisha mwili, hata ukoga kidogo huleta uvimbe mkubwa. Wako wanaosema kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Si kweli. Mtoto hachukui jino. Jino hupotea kwa sababu ya kuoza au ugonjwa wa fizi, na yote mawili yanaweza kuzuiwa.

Je, fizi mbovu husababisha mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake? Swali hili limewatia hofu akina mama wengi. Wataalamu Mumghamba na Manji walilichunguza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, wakatangaza matokeo mwaka 2007. Waliwapima akina mama 373 waliojifungua. Waliwalinganisha waliozaa watoto wadogo kabla ya siku na waliozaa siku zilipotimia. Ugonjwa wa fizi haukuonekana kuwa sababu. Mwaka 2006, uchunguzi wa akina mama 823 huko Marekani ulionyesha kwamba kutibu fizi wakati wa mimba hakukupunguza watoto wa namna hiyo. Hata hivyo, fizi za mama zilipata nafuu, na matibabu hayakuleta madhara.

Basi mama aliyezaa mtoto njiti asijilaumu, wala asilaumiwe na mume au mawifi kwamba hakusafisha kinywa. Mama mjamzito aende kliniki mapema apimwe damu, shinikizo la damu na malaria. Na fizi zikimsumbua asiogope kutibiwa.

Tufanye nini?

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Sugua pale jino linapokutana na ufizi, nje na ndani, bila kutumia nguvu.

2. Huna mswaki wa dukani? Tumia mswaki wa mti mliozoea kutumia na usio na sumu. Tafuna ncha mpaka iwe laini kama brashi. Ukiweza, tumia dawa ya meno yenye floridi.

3. Usisugue kwa mchanga wala mkaa. Hukwangua meno na kujeruhi fizi.

4. Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki. Wengi hukosea hapa. Ukiacha, ukoga huongezeka na damu huzidi. Endelea taratibu, na sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo.

5. Acha sigara na ugoro. Sigara huharibu fizi na pia huficha damu, hata mgonjwa akadhani amepona.

6. Damu isipokoma baada ya wiki mbili, au jino likilegea, uliza zahanati wakuelekeze kwa mganga wa meno. Kazi yake si kung'oa tu. Yeye huweza kukwangua ukoga mgumu na kuliokoa jino.

7. Uso ukivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini mtu asiache kupiga mswaki anapoona damu?
2. Nani nyumbani kwako hutokwa na damu katika fizi? Utamwambia nini leo?